Jamvi Juu ya Kiraka

"Nani kakwambia huku ndiko mbele?"

Bibi aliniuliza hivyo akiwa ameishika karatasi yangu mbali na macho, kama mtu anayesoma bei asiyoiamini. Kwenye mstari wa kwanza nilikuwa nimeandika: Mbele ya nyumba, kutoka ng'ambo ya barabara. Nilikuwa na shahada ya usanifu majengo. Nilikuwa nimewahi kubishana na maprofesa kuhusu paa, dirisha na ngazi, na mara mbili nikawashinda. Lakini swali lile hakuna profesa aliyewahi kuniuliza. Nikasema tu kwamba huku kuna baraza, Bibi, na mlango mkubwa.

"Huko wanapita wanaume na watu wa sensa," alisema. "Mimi nimeingizwa nyumba hii kwa mlango wa uani, bibi harusi, nimefunikwa gubigubi sioni hata ninapokanyaga. Mpaka leo nikitoka sokoni napita uani. Mbele yangu mimi ni kule. Haya, nijibu, mke mwenzangu."

Mke mwenzangu ndilo jina aliloniita tangu nilipoanza kutembea, kwa utani wa bibi na mjukuu. Babu alipofariki aliendelea kuniita hivyo hivyo, akasema sasa sisi wajane wawili.

Nilicheka, nikachukua karatasi yangu. Sikubadilisha mstari wa kwanza.

Nyumba yenyewe ilikuwa nyumba ya Kiswahili kama zile zilizobaki chache Kariakoo: baraza, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, halafu uani na jiko lake, choo na bafu. Kulia kwake lilishasimama ghorofa, kushoto ghorofa, ng'ambo ghorofa. Ilikuwa imechuchumaa katikati yao kama mtu aliyekosa kiti kwenye harusi. Wajomba walikuwa wamekubaliana iuzwe. Mnunuzi angekabidhiwa funguo Jumatatu, na kila mtu alijua atakachofanya nazo. Bibi angehamia Chanika kwa Mama Mkubwa, dada yake mama yangu.

Mama yangu mwenyewe alifariki nikiwa na miaka minne. Nililelewa Magomeni na baba, na kila Ijumaa nililetwa kwa Bibi. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa kwangu nyumba ya mama, ingawa kumbukumbu ya mama ndani yake sikuwa nayo hata moja. Nilijua kwamba alizaliwa pale, alikua pale, na kwamba alifia hospitali. Nilijua kaburi lake. Zaidi ya hapo niliuliza sana utotoni, watu wakanyamaza sana, nikaacha.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi kwenye ofisi ndogo ya wasanifu majengo mjini. Michoro ilikuwa imenichosha, nikawa mpiga picha wao. Ofisi ilikuwa inaandaa maonyesho ya nyumba za zamani za jiji, na niliposema nyumba ya bibi yangu inavunjwa, bosi alisema niende haraka, nilete picha kumi na mbili, zisizidi.

Watu wanadhani kupiga picha nyumba ni kusimama na kubonyeza. Kazi iko kabla. Nilikwenda siku tatu mfululizo bila kutoa kamera kwenye begi. Nilichora ramani ya nyumba kwenye karatasi, nikaweka alama kila mahali ninapoweza kusimama, nikaandika saa ambayo jua linafika pale. Simu ilinionyesha njia ya jua, lakini simu haijui kwamba ghorofa la jirani limeongezwa sakafu mbili juu, kwa hiyo nilikaa barazani na uani na saa mkononi. Mbele, au huku nilikokuita mbele, palitakiwa kupigwa alfajiri kabla wafanyabiashara hawajapanga bidhaa. Vyumba vya kushoto saa tatu. Na uani, kwa sababu ya kuzungukwa na kuta ndefu, palipata jua dakika kama arobaini tu kwa siku, kuanzia kama saa sita na robo. Kabla na baada ya hapo palikuwa kama chini ya kisima.

Nikapata pembe kumi na saba. Nikazigawa makundi matatu: Lazima, Muhimu, na Ikibaki Nafasi. Nilikuwa na kanuni niliyoitunga mwenyewe na kujivunia sana: kila picha lazima ijibu swali. Picha isiyo na sababu sipigi. Nilikuwa nimekulia kwenye mambo yasiyo na sababu: usifagie usiku, usikae kizingitini, usipige mluzi ndani. Nilipopata kazi ambayo ningeweza kudai sababu ya kila kitu, nilidai.

Siku ya tatu Bibi alinifuata uani. Alivua kandambili moja, akanyoosha mguu, akagusa sakafu kwa kidole gumba.

"Na hapa je?"

Nilitazama. Uani palikuwa pamesakafiwa kwa saruji ya kijivu tangu zamani, lakini karibu na ukuta wa jiko kulikuwa na kiraka, kama ukubwa wa meza ndogo ya chai, cha saruji yenye wekundu kidogo. Fundi aliyekiweka hakuwa na mkono mzuri. Kilikuwa kimeinuka upande mmoja.

"Hapo pana nini, Bibi?"

"Pana hapo."

"Ndiyo, lakini pana nini?"

"Piga tu."

"Kwa nini?"

"Lo! Wewe na kwa nini zako. Ulizaliwa nazo mdomoni kama meno."

"Bibi, nina picha kumi na mbili tu. Bosi akiona kiraka ataniuliza hiki nini."

"Mwambie bibi yangu kasema."

"Hiyo si sababu, Bibi."

Nililisema kwa kucheka, na yeye alikuwa anacheka mpaka hapo. Kisha akaacha. Alivaa kandambili yake polepole, akiegemea ukuta wa jiko.

"Basi iweke mwisho," alisema. "Lakini iweke."

Niliandika mbele yake: 18, kiraka, uani. Ikibaki Nafasi. Akaitazama ile karatasi kwa muda, ingawa miwani yake ilikuwa chumbani.

Jumapili ilikuwa siku ya kazi, na siku ya mwisho. Nilifika giza likiwa linatoka. Barabarani hapakuwa na watu isipokuwa muuza ndoo na mabeseni, ambaye kwa miaka alikuwa anapanga bidhaa zake mbele ya baraza la Bibi. Alikuwa amewahi kuliko nilivyopanga.

"Kaka mambo?"

"Poa dada. Leo ndo leo, eeh?"

"Leo ndo leo. Nisaidie usogeze ndoo nusu saa tu."

"Nusu saa yako au ya Wazungu?"

"Nusu saa ya saa."

"Haya, lakini na mimi unipige picha. Nyumba ikivunjwa na mimi si nimevunjwa? Hii ndo ofisi yangu, dada. Hata picha ya ofisi sina."

Nilimwambia nitampiga baadaye. Alisogeza ndoo, akakaa juu ya moja yao ng'ambo ya barabara akinielekeza kwa sauti nisogee kushoto, nisogee kulia, kama anayesaidia gari kurudi nyuma. Kwa kweli pembe aliyoniambia ilikuwa nzuri kuliko yangu. Namba moja nikaimaliza kabla ya saa moja.

Asubuhi yote ilikwenda nilivyopanga. Bibi alikuwa anafunga vitu na Mama Mkubwa chumbani: kanga kwenye shuka, vyombo kwenye magazeti. Mimi nilikuwa naingia chumba hadi chumba na stendi ya kamera, nikiwaomba wasogeze hiki, waondoe kile. Mama Mkubwa alisema, "Huyu anatuhamisha mara mbili." Bibi aliendelea kufunga vyombo. Kila nilipopita aliuliza tu, "Umefika namba ngapi?"

"Ya sita, Bibi."

"Umefika ngapi?"

"Kumi."

Picha niliyoitegemea kuliko zote ilikuwa ya ukumbi. Unasimama kwenye mlango mkubwa, unatazama ndani, ukumbi wote uko gizani na milango sita imefungwa, na kule mwisho, kupitia mlango wa nyuma, uani panawaka jua. Hiyo ndiyo nyumba ya Kiswahili yote kwa picha moja: giza, ubaridi, na mwanga wa wanawake mwisho wake. Nilikuwa nimeiandika kwenye Lazima na kuichorea nyota. Ilihitaji dakika zile arobaini za jua uani, na ilizihitaji zote.

Saa sita na robo mwanga ukashuka ukutani kama maji. Nikatazama kwenye kamera, nikaona tatizo. Kile kiraka kilikuwa katikati kabisa ya mlango wa nyuma. Sakafu yote ilikuwa nyeupe kwa jua, chenyewe chekundu kama kidonda. Macho yalikwenda pale moja kwa moja, hayakutaka kwenda kwingine. Nilisogea kushoto, mlango ukapinda. Nikasogea kulia, nikapoteza chumba kimoja. Dakika zilikuwa zinakwenda.

Nikaenda uani. Kulikuwa na jamvi limekunjwa kando ya jiko, lile kubwa lililokuwa linatolewa kwenye shughuli. Nikalichukua, nikalikunjua, nikalitandika juu ya kiraka. Nililinyoosha pembe zake nne kwa uangalifu. Nikapiga magoti nikalifuta vumbi kwa upande wa kanga yangu, kwa sababu kwenye picha vumbi lingeonekana.

Nilipoinua kichwa, Bibi alikuwa amesimama mlango wa jiko. Alikuwa ameshika kawa la kufunikia chakula kifuani. Nilimwambia, "Nalitumia kidogo tu, Bibi, kiraka kinaniharibia." Alinitazama nilivyopiga magoti pale. Kisha akaingia jikoni, nami nikakimbia kwenye kamera kabla jua halijahama.

Ilikuwa picha nzuri. Sitasema uongo kwamba haikuwa nzuri.

Jua lilipotoka uani, wajomba wakafika na gari la mizigo. Nyumba ikajaa watu na kelele za shika huku, inama, angalia kioo. Nilikuwa nimebakiza pembe tatu. Mbili nilizipiga katikati ya vurugu. Bibi alikuja ameshavaa baibui, mkoba mkononi.

"Bado yangu."

"Mwanga umekwisha kule, Bibi. Ya kivulini haitoki vizuri. Kesho nitakuja niipige vizuri, jua likiwa pale pale."

"Kesho?"

"Wanachukua funguo tu kesho. Hawavunji siku hiyo hiyo, Bibi, kuna vibali."

Alitaka kusema jambo. Nilimwona mdomo ukifunguka. Lakini mjomba mmoja aliita kwamba gari linaziba njia, na Bibi akatoka. Alipitia uani.

Kesho yake ningeweza kwenda asubuhi. Nilikuwa na nafasi. Lakini karatasi ilisema uani ni saa sita na robo, nami nikaamini karatasi yangu. Nilipofika nilikuta mabati yamezungushwa, na mlinzi nisiyemjua. Nilimbembeleza, akanifungulia upenyo nichungulie. Paa lilikuwa limeshashushwa. Ukuta wa jiko walikuwa wameusukuma wote uani, na jua lilikuwa limefika kwa wakati, saa sita na robo, likawaka juu ya lundo la matofali. Muuza ndoo alikuwa amehamia kona ya pili. Picha yake sikuipiga.

Kwenye maonyesho, picha ya ukumbi ilitundikwa mlangoni. Watu walisimama mbele yake muda mrefu. Mzee mmoja alisema jamvi lile ndilo linaloipa picha uhai, limetandikwa kama linamsubiri mgeni. Bosi alinipongeza kwa jicho langu. Nilisema ahsante.

Nilitengeneza albamu, nikampelekea Bibi Chanika. Alikuwa amepungua. Nyumba ya Mama Mkubwa ilikuwa na geti, tailizi na mlango mmoja tu wa kuingilia, na Bibi alikuwa anakaa kwenye sofa kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Nilimwamkia, "Shikamoo Bibi." Akajibu, "Marahaba," bila utani, bila mke mwenzangu. Nikaketi karibu yake tukafungua.

Alipita picha moja moja. Baraza. Mlango. Chumba chake. Alikuwa anafunua haraka, na nilianza kuumia, kwa sababu zilikuwa zimenichukua kazi. Akafika mwisho. Akafunua jalada la nyuma, akalipapasa kwa ndani kama anayetafuta kitu kilichonatana.

"Zimekwisha?"

"Zimekwisha, Bibi. Ile nyingine… nilikuta wameshaanza kuvunja."

"Eeh."

Alirudi nyuma kurasa mbili tatu, mpaka picha ya ukumbi. Akaisogeza karibu na macho. Kidole chake kilipita gizani, katikati ya milango iliyofungwa, kikatoka uani, kikatua juu ya jamvi. Kikakaa pale.

"Si haba," alisema. "Hata hivyo umemtandikia, mwanangu."

Nililisikia lile neno. Umemtandikia, si umelitandika. Mimi ni mtu wa maneno, kosa haliniponyoki. Nikajisemea, Bibi ameanza kuchanganya ngeli, umri huo. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuuliza. Niliona ni heshima kutouliza. Nikafunga albamu, nikaiweka mezani chini ya kitambaa cha kufuma, nikamwambia nitakuja tena wiki ijayo. Nilikwenda baada ya miezi miwili.

Pale Kariakoo sasa pana ghorofa la viatu. Nimepanda ngazi zake mara kadhaa nikijaribu kupima kwa hatua uani palikuwa wapi. Naishia kwenye stoo ya maboksi, wauzaji wananiuliza, "Dada, unatafuta namba ngapi?"

Bibi alifariki mwaka wa tatu baada ya kuhama. Maiti yake ilirudishwa Chanika mapema kutoka hospitali, na kwa kuwa nilishakuwa mtu mzima, Mama Mkubwa aliniita niwe miongoni mwa wanawake watakaosaidia kuosha. Sikuwahi kuitwa huko kabla. Niliingia uani nikamkuta jirani mmoja na jembe. Alikuwa ameng'oa vipande vya tailizi karibu na ukuta na anachimba shimo dogo, la kina cha goti hivi. Wanawake walikuwa wanafunga kanga kwenye kamba kuzunguka pale, na kitanda cha kamba kilikuwa kimeegemezwa ukutani kikisubiri.

Nikauliza, kwa kuwa mdomo wangu ni ule ule, "Shimo la nini, Mama Mkubwa?"

"La maji. Maji ya kumwoshea hayaendi chooni, hayaendi mtaroni. Yanaingia hapa, kisha tunafukia."

Alikuwa anapasua pamba, anaipanga kwenye sinia. Hakuinua uso.

"Mama, bibi yako, hakutaka shimo lile la Kariakoo lisakafiwe," alisema. "Babu yako aliposakafia uani, Mama alimwambia fundi paache pale, pakae mchanga. Miaka miwili mitatu pakakaa mchanga, wewe ungali mdogo. Mvua ikawa inapachimba, ndipo akakubali patiwe saruji, peke yake. Si pale karibu na jiko? Kiraka chekundu?"

Nilisema napajua.

"Hukuwa unajua?" Sasa akainua uso. "Sisi wote tulidhani unajua. Pale ndipo tulipomwoshea mama yako."